Milioni nne na ushee zimeingia kwenye akaunti yangu, na mtu anataka nimtumie kwenye simu

Ndugu washauri, habari za kazi.

Mimi ni mama wa miaka 41, nina duka la nafaka soko la Mbuyuni, hapa Moshi. Ijumaa jioni nafunga duka, ukaingia ujumbe wa benki kwamba akaunti yangu imepokea shilingi 4,850,000. Mle ndani nilikuwa na 37,400 tu. Jina la aliyetuma ni la kampuni nisiyoijua, sijawahi kuwauzia hata debe la maharage.

Jumamosi saa mbili asubuhi akapiga mwanaume. Anasema ni mhasibu wa hiyo kampuni, iko Arusha, alikuwa anamlipa mtu wao akakosea tarakimu moja. Akanisihi nisiende benki, eti wanachelewesha sana na bosi akijua atafukuzwa kazi. Anataka nimtumie kwenye simu kwa mafungu, na nikate 50,000 yangu ya soda. Namba aliyonipa nikaijaribu, kabla ya kuthibitisha ikaleta jina la mwanamke, nikaghairi. Leo Jumapili amepiga tena, safari hii kwa ukali, anasema nisipotuma atanipeleka polisi.

Mume wangu anasema tukae kimya, kosa si letu, na pengine Mungu ametuona. Dada yangu anasema nimrudishie huyo kaka upesi, mali ya mtu ina laana.

Kuna jingine linaloninyima usingizi. Nina mkopo benki hiyohiyo, na rejesho la mwezi huu, 412,000, lilikuwa limepitiliza siku. Jioni hii kuangalia salio nakuta 4,475,400. Wamejikatia! Sasa hata nikitaka kurudisha yote, haitoshi. Nitadaiwa mimi? Nianzie wapi?

Mama Nafaka, Mbuyuni

MAJIBU

Pole, mama, na umefanya vizuri kughairi ulipoona lile jina. Usimtumie huyo mtu chochote, iwe yote, iwe nusu, iwe "ya kutanguliza". Pesa hiyo irudi kupitia benki, kwa maandishi, kwenye akaunti ileile ilikotoka. Mumeo amekosea na dada yako naye amekosea, ila ushauri wa dada yako ndio utakaokutia hasara mapema zaidi.

Tazama vizuri ulichoombwa. Pesa imetoka kwenye akaunti ya kampuni, na mtu anataka iishie kwenye laini ya simu ya mwanamke usiyemjua. Kwa benki, kutuma kwako kwa simu ni muamala mpya kabisa, haufuti ule wa Ijumaa. Kwenye vitabu vya kampuni wewe bado ndiye uliyepokea 4,850,000. Siku mwenye kampuni atakapokagua hesabu, benki yake itaiandikia benki yako, na wewe utatakiwa kulipa mara ya pili. Ukijitetea kwamba ulishamtumia mhasibu, utaulizwa: kwa idhini ya nani, na risiti ya kampuni iko wapi?

Na huenda mchezo wenyewe ndio huo. Mfanyakazi anatoa pesa ya mwajiri wake "kwa bahati mbaya", anaipitisha kwenye akaunti ya mtu asiye na habari, kisha anaipokea upande wa pili kwenye laini isiyo na jina lake. Au akaunti ya kampuni imeingiliwa na wezi wa mtandao, na wanatafuta mahali pa kuivushia pesa kabla haijazuiwa. Kwa vyovyote vile, polisi wakifuata njia ya fedha, mtu wa kwanza kumkuta ni wewe, mwenye kitambulisho cha NIDA, duka na mtaa unaojulikana. Kupitisha pesa ya wizi kunaangukia kwenye sheria ya utakasishaji fedha, na si kesi ya kumalizwa kwa mwenyekiti wa mtaa.

Inawezekana pia kaka huyo ni mkweli na ameshikwa na hofu tu. Watu hukosea: tarakimu mbili zimebadilishana nafasi, au amebonyeza jina la jirani kwenye orodha ya wanaolipwa mara kwa mara. Lakini mkweli akipitia benki hapotezi kitu zaidi ya siku chache. Anayekwambia usiende benki ana sababu, na sababu hiyo haikuhusu. Hiyo 50,000 ya soda nayo iache. Ukishaikata umeonekana kama mtu aliyekubali kulipwa kwa kazi ya kuvusha pesa. Mwenye mali akitaka kukushukuru baada ya kila kitu kurudi, hiyo ni hiari yake, pokea kwa amani.

Akipiga tena, jibu fupi na usibishane: "Kaka, pesa sijaigusa. Nenda benki yako na barua ya kampuni, jaza maombi ya kurejeshewa muamala. Benki yenu itawasiliana na yangu, mimi nitasaini." Halafu kata. Usimpe namba ya akaunti, usimpigie picha taarifa ya akaunti wala kitambulisho, na namba yoyote ya siri itakayoingia kwenye simu yako usiitamke. Vitisho vikiendelea, hifadhi ujumbe na orodha ya simu alizopiga, uende Kituo Kikuu cha Polisi uandikishe na kupewa RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yako. Mtu anayekutishia polisi huwa hategemei kwamba utatangulia kufika. Kama alikutumia ujumbe wa maandishi, pia unaweza kuupeleka namba 15040, ya kuripoti utapeli wa simu.

Sasa Jumatatu yako. Kabla ya kwenda tawini, fikiri kwanza kama kweli pesa si yako. Swali la ajabu, lakini hutokea: mteja wa jumla ametanguliza malipo kupitia kampuni ya nduguye, kikoba kimegawana, bima imelipa. Kwa maelezo yako hakuna la hivyo, kwa hiyo nenda.

Benki zenye shughuli nyingi hujaa asubuhi ya Jumatatu, fika mlango unafunguliwa. Usiongee na keshia wa dirishani, kazi yake ni kupokea na kutoa. Nenda meza ya huduma kwa wateja, omba taarifa ya akaunti ya siku 30 zilizopita, iliyogongwa mhuri. Ukiipata, tafuta mstari wa Ijumaa na usome vitu vitatu: namba ya kumbukumbu ya muamala, jina la mtumaji, na njia iliyopitia. Njia ina maana kubwa. Ukiona TISS au TIPS, mifumo ya kuhamisha pesa kati ya benki na benki, pesa imetoka benki nyingine na imeshatua, haielei angani. Ukiona ni hundi, tahadhari mara mbili: hundi inaweza kuonekana kwenye salio la kitabu, lile linalojumlisha hata pesa isiyotolewa bado, huku haijakubaliwa na benki iliyoitoa. Matapeli wa hundi huishi ndani ya pengo hilo. Unamrudishia tapeli "ziada" kwa pesa yako halisi, kesho hundi inakataliwa. Kwako, kwa kuwa benki imeweza kukata rejesho, ni pesa inayotumika, kwa hiyo uwezekano wa hundi ni mdogo. Hakikisha tu.

Baada ya hapo barua. Wengi hapa hukosea: wanaeleza kwa mdomo, afisa anawaambia "tumeelewa mama, tutakupigia", wanarudi nyumbani bila karatasi. Miezi miwili baadaye afisa amehamishiwa Singida na hakuna anayejua chochote. Andika nakala mbili, zote zigongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, moja ubaki nayo. Iwe fupi, mfano hivi:

"Meneja wa Tawi. YAH: FEDHA ZISIZO ZANGU KATIKA AKAUNTI NAMBA (andika). Tarehe (andika) akaunti yangu ilipokea shilingi 4,850,000 kutoka (jina kama lilivyo kwenye taarifa), kumbukumbu namba (andika). Fedha hizi si zangu na simfahamu mtumaji. Naomba: (1) kiasi hiki kizuiwe kisitumike, bila kufunga akaunti yangu; (2) kirejeshwe kwenye akaunti kilikotoka tu, na si kwingine, baada ya benki kujiridhisha; (3) makato ya rejesho la mkopo ya shilingi 412,000 yaliyochukuliwa kutoka fedha hizi yatenguliwe; (4) nipewe uthibitisho wa maandishi urejeshaji ukikamilika. Mtu mwenye namba ya simu (andika) amenitaka nizitume kwa simu, sijafanya hivyo."

Saini kama ulivyosaini ulipofungua akaunti, ambatanisha nakala ya kitambulisho na ile taarifa yenye mhuri. Maneno "bila kufunga akaunti yangu" usiyaache. Benki inaweza kuweka zuio la kiasi, yaani 4,850,000 zimekaa palepale hazitoki, nyingine unatumia kama kawaida. Inaweza pia kufunga akaunti nzima, na hapo mauzo yako ya wiki yanayoingia kwa lipa namba yanakwama pamoja na pesa ya mgeni. Afisa mwenye haraka hubonyeza la pili kwa sababu ni rahisi. Muulize waziwazi amebonyeza lipi.

Tuje kwenye mkopo, maana hapa ndipo penye hesabu. Ulikuwa na 37,400. Zikaingia 4,850,000, jumla 4,887,400. Mfumo ukakata 412,000, zikabaki 4,475,400. Ukirudisha kamili, unapungukiwa 374,600. Hakuna aliyekuibia. Mfumo wa mikopo hauulizi pesa imetoka wapi. Rejesho lililopitiliza hungoja, shilingi zikiingia tu linajichukulia, hata usiku wa Jumamosi.

Je, utadaiwa? Ndiyo, kwa njia moja au nyingine, kwa sababu umefaidika: deni lako la mkopo limeshuka 412,000 kwa pesa ya mwingine. Zipo njia mbili. Ya kwanza, benki itengue makato. Salio litarudi 4,887,400, kampuni itapata yake yote, utabaki na 37,400 zako, na rejesho lako litakuwa limepitiliza kama ilivyokuwa Ijumaa. Ya pili, makato yabaki, wewe uingize 374,600 kutoka mfukoni kukamilisha. Kwa hesabu tupu ni kitu kilekile. Kwa mwenye duka si kilekile: njia ya kwanza inakupa nafasi ya kuzungumza na afisa mikopo kuhusu tarehe mpya, ya pili inataka pesa taslimu wiki hii. Sisi tungeomba ya kwanza, na siku hiyohiyo tungekaa na afisa mikopo kupanga lini rejesho litalipwa, ili faini ya kuchelewa isijumlishwe na taarifa yako ya mikopo isichafuke. Usilolikubali ni la tatu: benki irudishe 4,850,000 nzima na kuiacha akaunti yako chini ya sifuri, halafu riba ianze kukimbia kimyakimya. Wakikwambia "mfumo utajirekebisha", omba waandike.

Utauliza kwa nini benki isirudishe yenyewe bila kukusumbua. Inategemea nani amekosea. Ikiwa ni keshia wao aliyepiga namba vibaya, masharti uliyosaini wakati wa kufungua akaunti kwa kawaida yanawaruhusu kusahihisha kosa lao. Ikiwa aliyekosea ni mtumaji, malipo ya papo kwa papo yakishatua yametua. Benki haiwezi kuchota kwenye akaunti ya mteja kwa sababu mtu fulani amepiga simu, na ingekuwa hivyo wewe mwenyewe usingelala. Inahitaji ridhaa yako au amri ya mahakama. Ndiyo maana barua yako inaharakisha kila kitu: ridhaa imeshakaa mezani kabla mtumaji hajafika. Na kama hatafika? Pesa haiwi yako. Zuio linabaki, au benki inaihamishia kwenye akaunti yake ya muda hadi mwenyewe apatikane, na mhuri kwenye nakala yako ndio unaokulinda.

Kwa mumeo, na mwambie kwa upole, maana hana nia mbaya. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamtaka aliyelipwa fedha kwa makosa azirudishe. Hukuitafuta, hukuiomba, haibadilishi kitu. Huo ni upande wa madai. Upande wa jinai ni mzito zaidi: anayejua pesa si yake akaitumia kama yake anaweza kushtakiwa kwa wizi chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, maana kujigeuzia mali ya mtu kwa nia mbaya nako ni kuiba. Ujumbe wa Ijumaa ulikuonyesha jina usilolijua, kwa hiyo "sikujua" haitasimama. Kukaa kimya hakukufanyi mwizi siku hiyohiyo, lakini kila gunia la mchele utakalonunua kwa pesa ile linakusogeza. Kama yupo msomaji ambaye ameshaitumia, aende benki kabla hajaitwa, aseme kiasi gani kimetoka, na aombe mpango wa kulipa kwa awamu ulioandikwa na kusainiwa pande zote. Aliyekwenda mwenyewe huzungumziwa tofauti na aliyefuatwa.

Wasomaji wa Arusha mlio kwenye utalii, waongoza wageni na wapishi wa safari, mna hali yenu: pesa ya kigeni inayoingia kwa makosa kutoka nje. Ikiwa akaunti ni ya shilingi, dola imeshabadilishwa kwa bei ya kununua ya benki, na kuirudisha kutapita kwenye bei ya kuuza. Tofauti hiyo mtu ataibeba. Andikeni kwenye barua kwamba mnaridhia kurudisha kiasi cha shilingi kilichoingia, na si kufidia tofauti ya ubadilishaji wala ada za benki za kati.

Kwa pesa za simu mambo ni mepesi zaidi. Kwanza angalia salio kwa menyu, si kwa ujumbe, kwa kuwa jumbe za kughushi za "umepokea" zimejaa na nyingine huja kutoka namba ya kawaida badala ya jina la huduma. Ikiwa pesa ipo kweli, piga 100, eleza, taja namba ya muamala, ruhusu irudishwe. Mtumaji naye apige 100 kwa mtandao wake. Msirudishiane wenyewe kwa wenyewe, kwa sababu ileile ya kulipa mara mbili: umemtumia, na wakati huohuo ombi lake la kurejeshewa linaendelea.

Turudi kwako, mama. Baada ya kukabidhi barua, wape siku chache za kazi kisha ufuatilie kwa namba iliyo nyuma ya kadi yako, na si namba yoyote itakayokujia kwa ujumbe ikisema "benki yako, kitengo cha marejesho". Matapeli hupenda kurudi kwa mlango huo. Majibu yakikosekana, andika malalamiko rasmi kwa meneja, tena kwa nakala mbili. Wakikaa nayo, au ukipewa jibu lisiloridhisha, unaweza kuyapeleka Benki Kuu ya Tanzania, ambayo ina tawi Arusha. Watakuuliza kwanza kama ulianzia benki yako, na hapo unatoa nakala zenye mhuri.

Ukiambiwa imekwisha, usiridhike na simu. Chukua taarifa mpya ya akaunti na uangalie mistari mitatu: 4,850,000 imetoka kwenda jina lilelile lililoituma, 412,000 imerudi kabla ya hapo, na hakuna ada uliyotozwa kwa kazi hiyo. Ada ikionekana, lalamika siku hiyohiyo, ni rahisi kuifuta kabla ya mwisho wa mwezi. Kisha jaribu kutoa hata 10,000 kwa wakala aliye karibu na duka. Ikigoma huku salio lipo, zuio halijaondolewa, na ni kawaida yao kulisahau. Rudi na ile nakala yako.